Simu Inaita, Jina Limetokea: Utajuaje Kama Ni Yeye?

Jumapili ya Januari 21, 2024, maelfu ya wapiga kura wa jimbo la New Hampshire nchini Marekani walipokea simu yenye sauti ya Rais Joe Biden. Sauti iliwashauri wasijisumbue kwenda kwenye kura ya mchujo ya Jumanne, waitunze kura yao hadi Novemba. Biden hakusema maneno hayo. Sauti ilitengenezwa kwa kompyuta. Namba iliyotokea kwenye vioo vya simu zao ilikuwa ya mtu halisi, aliyewahi kukiongoza chama cha Democratic katika jimbo hilo, na hakuwa na habari yoyote.

Wanaoijua mitambo ya simu walishtushwa na jambo jingine. Simu hizo zilipita zikiwa na daraja la juu kabisa la uhakiki. Kampuni ya Lingo Telecom, iliyoziingiza mtandaoni, ilizitia saini ya kidijitali iliyosema kwamba inamfahamu mteja na kwamba mteja ana haki ya kuitumia namba ile. Agosti mwaka huohuo kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1. Steve Kramer, mshauri wa siasa aliyeagiza simu hizo zipigwe, alitozwa faini ya dola milioni 6 na Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ushauri mwingi kuhusu simu za matapeli huishia kwenye "angalia namba kwanza" au, siku hizi, "angalia kama kuna tiki". Yote mawili yanasaidia kidogo tu. Namba ni maelezo ya anayepiga kuhusu yeye mwenyewe. Tiki ni maelezo ya kampuni yake ya simu kuhusu namba hiyo. Nani anaongea, na anataka nini, hayo hayamo. Ukijua kila kimoja kinathibitisha nini na kinaishia wapi, utajua wakati wa kuamini kioo cha simu na wakati wa kukata upige mwenyewe.

Nawaandikia hasa wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani, ambako mfumo huu wa saini unatumika kwa sheria, na ndugu zao wanaowapigia kutoka Kigoma, Mombasa au Goma. Mengi yatawafaa hata wasiovuka mpaka.

Namba huandikwa na nani?

Katika mtandao wa zamani, ule wa simu za mezani, namba ya mpigaji haisafiri pamoja na sauti. Ina njia yake ya pembeni, ambayo mitambo hutumia kuarifiana kwamba kuna simu inakuja na inatoka namba fulani. Lugha ya mawasiliano hayo inaitwa SS7, na ilibuniwa miaka ya 1970. Wakati ule kampuni za simu zilikuwa chache, nyingi zikiwa mashirika ya umma au zenye ukiritimba, na zilifahamiana. Mtambo wa kwanza ulijua ni waya wa nyumba gani umeinuliwa, kwa hiyo ulijua namba. Wa pili uliamini ulichoambiwa na wa kwanza, wa tatu vivyo hivyo. Ndani ya ujumbe kuna nafasi ya kusema kama namba imewekwa na mtandao wenyewe au na mteja, na kama ile ya mteja imekaguliwa. Lakini wewe unayepokea huoneshwi nafasi hiyo, na haina saini ya kuthibitisha kwamba haikuguswa njiani.

Kisha hospitali, hoteli na ofisi kubwa zikafunga mitambo yao wenyewe, zikaruhusiwa kutuma namba zinayotaka ionekane. Halafu zikaja simu za intaneti, na sasa mtu mwenye kompyuta na akaunti ya bei rahisi anaweza kuandika namba yoyote. Ni kama anwani ya mtumaji nyuma ya bahasha: posta husoma inakokwenda, haimwulizi mtu kama kweli anaishi hapo alipoandika.

Si kila anayebadilisha namba ni tapeli. Mkalimani wa Kiswahili anayefanyia kazi nyumbani kwake Columbus humpigia mgonjwa, na namba inayotokea ni ya shirika lililomwajiri. Daktari hupiga kwa simu yake ya mkononi, ikaonekana namba ya kliniki. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 kuhusu ukweli wa namba ya mpigaji, iliyotiwa saini Desemba 2010, inakataza kughushi namba kwa nia ya kutapeli, kudhuru au kujipatia kitu isivyo halali. Kubadilisha namba peke yake hakukatazwi.

Jina nalo usilitegemee. Kwenye simu nyingi za mezani za Marekani, jina linalotokea halitumwi na mpigaji. Kampuni ya anayepokea huchukua namba iliyofika, huitafuta kwenye hifadhi ya majina, kisha hurusha herufi zisizozidi 15. Kwa hiyo tapeli akighushi namba ya benki, jina la benki litajileta lenyewe, tena la kweli. Simu yako ya mkononi nayo hufanya hivyohivyo na orodha yako ya majina. Ikija namba ya kughushi inayolingana na ya mama yako, kioo kitaandika "Mama" na picha yake aliyovaa kilemba siku ya harusi itatokea. Simu haijamhakiki mama. Imelinganisha tarakimu.

Kwa mwenye simu ya mezani ya waya huko Marekani, namba hutumwa katika ukimya ulio kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Ukiinua mkono wa simu mapema unaipoteza. Acha iite mara mbili.

Saini na herufi tatu

Dawa iliyotungwa kwa ajili ya mtandao mpya inaitwa STIR/SHAKEN. Kampuni inayoingiza simu huandika kipande kifupi cha data: namba inayopiga, namba inayopigiwa, na wakati. Kisha hukitia saini kwa ufunguo wake wa siri. Kampuni inayopokea hukagua saini kwa cheti kilicho wazi kwa wote. Wakati umewekwa ili mtu asiidake saini halali ya simu moja akaipachika kwenye nyingine; ikipita kama dakika moja, saini inahesabika kuwa imechacha.

Pamoja na saini huja herufi. A maana yake kampuni inamjua mteja wake na inajua ana haki ya kutumia namba hiyo. B, inamjua mteja lakini haina uhakika na namba. C, inajua tu simu iliingilia mlango gani, kwa mfano imetoka nchi nyingine. Kwa kawaida huoneshwi herufi. Unachoona ni tiki au neno la kusema namba imethibitishwa, na hilo huendana na A. Kwenye iPhone tiki hukaa ndani ya orodha ya simu zilizopita, kwa hiyo wengi hawajawahi kuiona hata mara moja.

Bunge la Marekani, Congress, lilipitisha sheria ya TRACED, ikatiwa saini Desemba 30, 2019, na FCC ikazipa kampuni kubwa hadi Juni 30, 2021 kuanza kutia saini kwenye sehemu za mitandao yao zinazoendeshwa kwa intaneti. Kampuni ndogo ziliongezewa muda. Zinazopokea simu kutoka nje ya nchi zilipewa hadi Juni 30, 2023. Kanada nayo ilianza Novemba 30, 2021. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: kuanzia Oktoba 1, 2024 kampuni ziliamriwa zianze kuzikata kabisa simu ambazo namba zake hazikuthibitishwa. Uingereza ilichagua njia nyingine. Mwaka huo wa 2024 msimamizi wa mawasiliano, Ofcom, aliamua kutoendelea na mpango wa saini, akakazia zaidi kuzuia simu zinazotoka nje huku zikijifanya za ndani.

Tazama tena kisa cha New Hampshire kwa jicho hilo. Hesabu za saini hazikukosewa hata kidogo, na kila mtambo njiani ulizikagua ukaridhika. Tatizo lilikuwa kampuni ya mwanzo, iliyotoa A bila kuhakikisha namba ni ya nani. Mfumo mzima umeegemea uaminifu wa mlango wa kwanza, na hilo halitofautiani sana na ilivyokuwa enzi za SS7. Tofauti ni kwamba sasa aliyedanganya ameacha saini yake, na anaweza kufuatwa.

Pale mitandao miwili inapokutana

Saini husafiri ndani ya ujumbe wa simu za intaneti. Mtandao wa zamani hauna pa kuiweka. Simu ikitoka kampuni ya kisasa, ikapita kwenye mtambo mmoja tu wa zamani katikati, saini hubaki pale mlangoni, na hata kama upande wa pili ni wa kisasa, simu hufika mikono mitupu. Hilo hutokea zaidi kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu kampuni mbili zenye mitambo mipya bado zinaweza kuwa zimeunganishwa kwa nyaya za zamani, hasa vijijini.

Wahandisi wametoa njia mbili za kuliziba pengo hilo. Ya kwanza ni kubana maelezo ya uhakiki yakaingia kwenye nafasi ya ziada iliyokuwa tayari ndani ya ujumbe wa SS7. Ya pili ni kuitenganisha saini na simu: sauti inapita kwenye nyaya za zamani, saini inatumwa wakati huohuo kwa intaneti hadi kwenye kituo cha kuhifadhi, na kampuni inayopokea inakwenda kuichukua pale kwa kulinganisha namba ya mpigaji, ya mpigiwa na wakati. Aprili 2025 FCC ilipendekeza kuzilazimisha kampuni zenye mitandao ya zamani zitumie njia kama hizi na zipewe miaka miwili. Mimi naona njia ya pili ndiyo ya maana zaidi, kwa kuwa saini inafika nzima na inaweza kukaguliwa, ilhali ya kwanza bado inakutaka uamini mtambo uliokupa taarifa.

Kwa mtumiaji, la kushika hapa ni hili: kukosekana kwa tiki si ushahidi wa utapeli. Dada yako akikupigia Minneapolis kutoka Kigoma, simu yake inaingia Marekani kupitia kampuni ya lango ambayo haimjui, hivyo kwa kawaida itapata C. Hutaona tiki. Kliniki ya mji mdogo yenye mtambo wa mwaka 1995 haitakuwa nayo vilevile. Na tapeli aliyekodi namba yake mwenyewe kihalali kwa mwezi mmoja anaweza kuipata bila kughushi chochote.

Tanzania na Kenya zilianzia upande mwingine wa tatizo. Badala ya kuitia saini kila simu, zilimfunga mtu kwenye laini. Tanzania ilianza usajili kwa alama za vidole mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa Januari 20, 2020. Ndiyo maana tapeli wa Dar mara nyingi hahangaiki kughushi namba. Anatumia laini halisi iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, pengine cha bibi aliyebonyeza kidole mara mbili kwa wakala bila kujua ya pili ni ya nini. Kwa hiyo, kwa mwenye laini ya Tanzania, jambo la kwanza la kufanya leo ni kupiga *106# na kuangalia ni laini ngapi zina jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda kaifute.

Kukata na kupiga mwenyewe

Njia ya uhakika inayobaki mkononi mwako ni ileile tangu enzi za simu za kuzungusha: kata, kisha piga namba uliyoitafuta wewe. Tapeli akighushi namba ya mwanao, simu yako ya kurudisha itamfikia mwanao mwenyewe. Benki, tumia namba iliyo nyuma ya kadi. Ofisi ya serikali, iliyo kwenye barua ulizonazo au tovuti yake rasmi uliyoiandika kwa mkono wako, si iliyoletwa na ujumbe. Kwa wateja wa Safaricom nchini Kenya, kampuni imekuwa ikitangaza kwamba inawapigia kutoka 0722 000 000 tu. Lakini hata hiyo ikitokea na anayeongea akaomba PIN, kata. Uingereza wana jambo zuri: ukipiga 159 unaunganishwa na benki yako, na hakuna benki itakayokupigia wewe kutoka 159.

Njia hii ina mashimo matatu, na matapeli wanayajua yote.

La kwanza ni la simu za mezani. Kwenye mitambo mingi ya zamani, aliyepiga ndiye mwenye kuishikilia laini. Ukiweka mkono wa simu chini, laini hubaki wazi kwa muda. Uingereza kulikuwa na wizi mkubwa wa namna hiyo: tapeli alijidai ni polisi, akamwambia mzee "kama huniamini, kata uipigie benki yako", mzee akakata, akainua, akasikia mlio wa kuanzia ambao tapeli alikuwa akiucheza upande wa pili, akabonyeza namba ya kweli ya benki, na "benki" iliyopokea ilikuwa mwenzake tapeli. Kampuni zilikuja kuupunguza muda huo hadi sekunde chache. Hata hivyo kwa simu ya waya tumia simu nyingine kabisa, au mpigie kwanza mtu unayeijua sauti yake. Akipokea asiyekuwa yeye, umeshajua.

La pili ni simu zilizoelekezwa kwingine. Mtu akikuambia ubonyeze **21* ikifuatiwa na namba fulani "ili kurekebisha mtandao", ujue simu zako zote zitahamia kwake, pamoja na zile za benki kukuuliza kama ni wewe unayetoa pesa. Kwenye mitandao ya simu za mkononi ya Afrika Mashariki bonyeza *#21# uone kama kuna uhamisho, na ##002# kuufuta wote. Ukimpigia ndugu ukapokewa na mgeni mwenye maelezo mengi, fikiria kwamba huenda mgeni huyo ndiye aliyehamishiwa simu, au laini ya ndugu yako imebadilishwa na mtu mwingine.

La tatu ni kurudisha simu usiyoijua. Simu inaita mara moja inakatika, nawe kwa uungwana unaipigia. Ukiwa Marekani, 473 inaonekana kama namba ya jimbo fulani, kumbe ni Grenada, na 876 ni Jamaica. 232 ni msimbo wa Sierra Leone. Dakika moja ya simu hiyo inaweza kuwa ghali, na sehemu ya malipo humrudia aliyekuita. Mwenye shida ya kweli atapiga tena au ataandika.

Hadi hapa nimezungumzia mitambo. Lakini matapeli wa Kiswahili hufanya kazi zaidi kwenye adabu zetu kuliko kwenye mitambo. Sikiliza mazungumzo ya aina hii:

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Aa, mama, hata sauti yangu umeisahau?"

"Ni Baraka?"

"Ndiyo mama, Baraka. Nimebadilisha laini."

Mama ndiye aliyemtaja Baraka. Mpigaji hakujua jina lolote. Alichotaka ni mama aone haya kwa kumsahau mtoto, akisie, ampe jina, na kuanzia hapo amtetee mwenyewe dhidi ya shaka yake. Dakika mbili baadaye Baraka yuko polisi au hospitali, na simu yake inakaribia kuisha chaji. Hapo hata namba halisi, tiki na usajili wa alama za vidole havimwokoi mama.

Kanuni ya kwanza ya familia iwe basi: asiyejitaja hatajwi. Jibu ni moja, "Jitaje, sauti haitoki vizuri," na lirudiwe hadi ajitaje au akate. Wazee wengi huona ni utovu wa adabu kumkatia mtu aliyewaamkia, kwa hiyo wape maneno ya kukatia kwa heshima: "Sawa mwanangu, nakata nakupigia kwenye namba yako ya siku zote." Baraka wa kweli atasubiri. Wa uongo ataanza: namba ile imeharibika, simu imeibiwa, usikate mama, usimwambie baba. Akikuzuia kukata, hapo ndipo ukate.

Kuhusu sauti, kuitambua hakutoshi tena. Vipande vifupi vya video kutoka Facebook au TikTok vinatosha kutengeneza sauti inayofanana. Wekeni swali la nyumbani. Neno la siri husahaulika, hasa na mzee aliyeshtuka, lakini swali ambalo jibu lake halipo mtandaoni halihitaji kukaririwa: yule jirani tuliyekuwa tukichota maji kwake tulimwitaje? Nani alianguka kwenye mwembe wa babu? Liwe swali ambalo hata shemeji hakulijua siku ya harusi. Na liulizwe kabla ya pesa kutajwa, maana baada ya hapo moyo umeshakwenda.

Pesa ikifika kwenye kutumwa, soma jina linalotokea kabla hujathibitisha. Linakuambia laini imesajiliwa kwa nani, halikuambii nani anaongea, lakini "Baraka" anayepokea pesa kwa jina la mtu mwingine anadaiwa maelezo.

Kwa walioko Marekani kuna kundi la simu ambalo halihitaji uchunguzi wowote. Idara ya uhamiaji haikusanyi malipo kwa simu kupitia kadi za zawadi, Western Union wala bitcoin. Namba yako ya Social Security "haisimamishwi". Idara ya kodi, IRS, kwa kawaida huanza na barua. Wageni wapya, hasa wakimbizi waliokulia kambini Nyarugusu au Kakuma, ambako karatasi moja huamua maisha, huogopeshwa kwa urahisi na mtu anayedai ana faili lao. Anaweza kweli kujua jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa. Taarifa hizo huvuja kila mwaka kutoka kwenye hifadhi za kampuni. Kujua habari zako si kuwa afisa.

Kama ni wewe unayepiga

Wenye biashara ndogo huko Marekani, wa huduma za wazee majumbani, wa teksi, wa ukalimani, wana kilio cha upande wa pili: wanapiga, wateja hawapokei, kioo kimeandika kwamba huenda ni tapeli. Mara nyingi chanzo kiko kwenye mpangilio wa simu zao. Wamenunua namba kampuni moja, wanapiga kupitia nyingine ya bei nafuu, na hiyo ya pili haiwezi kutoa A kwa namba isiyoijua. Ama uihamishie namba huko unakopigia, ama uwape barua inayothibitisha kwamba namba ni yako. Kisha waulize kwa maneno haya: simu zangu mnazitia saini wenyewe au mnaachia mwingine, na kwa daraja gani? Zinatoka kwenu kwa intaneti mfululizo, au mnazikabidhi kwenye mtambo wa zamani? Kampuni isiyoweza kujibu hayo, ihame.

Lebo ya utapeli yenyewe haitokani na saini peke yake. Kampuni za mkononi hutumia wachambuzi wanaoangalia mwenendo wa namba: simu ngapi kwa saa, zinadumu sekunde ngapi, watu wangapi wamezilalamikia. Hiya huwafanyia AT&T, First Orion T-Mobile, TNS Verizon. Unaweza kusajili namba zako kwa wote watatu kwa pamoja, bure, kupitia Free Caller Registry. Usipige simu mia moja kwa namba mpya siku ya kwanza. Na acha ujumbe wa sauti unaotaja jina lako, la ofisi na sababu ya kupiga, kwa Kiswahili na Kiingereza, ukimwambia mteja apige namba iliyoko kwenye karatasi aliyopewa siku ya kwanza. Usimsomee namba mpya hewani. Ukimzoesha hivyo, tapeli atakuja kuvuna mazoea hayo.

Ukishapigiwa

Tanzania, tuma namba ya tapeli kwenda 15040. Kwa mteja wa Safaricom ni 333. Marekani, lalamika kwa FCC au kwa tume ya biashara, FTC. Ujumbe mfupi wa kitapeli upeleke 7726. Kwa vitisho, simu nyingi za mezani huko zina *57: ukiibonyeza mara tu baada ya kukata, kampuni huhifadhi kumbukumbu ya simu ile ilikotoka kwa ajili ya polisi, hata kama kioo hakikuonyesha namba. Huduma hiyo inaweza kuwa na malipo, na kwenye simu za mkononi haipatikani sana.

Andika mambo manne kabla hujasahau: namba iliyotokea, namba yako iliyopigiwa, tarehe, na saa pamoja na dakika, ukitaja ni saa za wapi. Namba iliyotokea huenda ni ya kughushi na haina msaada peke yake. Wafuatiliaji huanza na kampuni yako, wanatafuta simu iliyokufikia dakika ile, wanaiuliza iliipokea kutoka kampuni gani, kisha hiyo nayo inaulizwa, hatua kwa hatua kurudi nyuma hadi mlango wa kwanza. "Jana jioni" haiwafikishi popote. "Machi 4, saa 12:47 jioni, saa za Texas" inaweza kuwafikisha.